Kupyana na Kurithi: Mali ya Marehemu katika Historia ya Kamina

Utangulizi

Mjini Kamina, jambo linalofuata kifo cha mwenye nyumba hutajwa kwa vitenzi viwili vya lugha mbili. Wasemaji wa Kiluba husema kupyana, yaani kushika nafasi ya mtu aliyeondoka na kupokea, pamoja na nafasi hiyo, kile kilichokuwa chake. Wasemaji wa Kiswahili husema kurithi, neno lenye asili ya Kiarabu lililoingia bara pamoja na jamaa zake mirathi na wasia. Kitenzi cha kwanza humtazama mtu: ni nani atakayekaa pale alipokaa marehemu? Kitenzi cha pili, hasa katika matumizi yake ya kisheria huko pwani, hutazama mali: nani apate nini, na kwa kiasi gani? Tofauti hiyo haifai kutiwa chumvi, kwani Kiswahili nacho husema kurithi kiti, kurithi cheo na hata kurithi mjane. Hata hivyo ni tofauti yenye msaada mkubwa kwa mtu atakaye kuelewa kwa nini mjane wa Kamina aweza kuwa na haki kamili katika sheria, na bado akajikuta nje ya nyumba yake kilio kinapokwisha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba matatizo ya urithi katika mji huu hayakutokana na ukosefu wa utaratibu, wala na ubaya wa mila peke yake. Chanzo chake ni kwamba aina ya mali ilibadilika upesi, ilhali njia ya kumpata mrithi ilibaki ile iliyofaa mali ya zamani. Kiti cha mzee hushikwa kwa neno la ukoo na kumbukumbu ya wazee. Nyumba ya mjini, pensheni na kiwanja havishikwi hivyo, kwa sababu vyote hutaka karatasi. Kwa hiyo kupanga urithi mjini Kamina kumekuwa, zaidi ya yote, kazi ya kuandaa ushahidi mapema.

Kiti kisichogawanyika

Kamina imo katika nchi ya Waluba wa Katanga, karibu na makao ya Kasongo Nyembo, mmoja wa watawala wawili wakuu waliotokana na ufalme wa zamani wa Waluba. Simulizi ya asili ya ufalme huo yenyewe ni habari ya urithi. Nkongolo, mtawala wa kwanza, anamkaribisha mwindaji mgeni, Mbidi Kiluwe; dada wa Nkongolo anamzalia mgeni huyo mtoto, Kalala Ilunga; na mtoto huyo hatimaye anamshinda mjomba wake na kutwaa utawala. Ndani ya kisa hicho limo swali ambalo familia nyingi za Afrika ya Kati zimeulizana baada ya mazishi: kitu cha mtu huenda kwa upande wa baba au kwa upande wa mama?

Waluba wa eneo la Kamina walishika upande wa baba. Lakini kwa kuwa mfalme alikuwa na wake wengi, na kila mke alikuwa na ukoo wake uliomsimamia mwanawe, upande wa baba haukutosha kumaliza shauri. Wana wa baba mmoja na mama mbalimbali walishindana, na mara nyingi walipigana. Baada ya kifo cha Ilunga Kabale, yapata mwaka 1870, mashindano ya aina hiyo ndiyo yaliyomweka Kasongo Kalombo kitini, yule ambaye msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwake mwaka 1874. Kasongo Kalombo naye alipofariki, wanawe waligombana tena. Wabelgiji walipoingia, ugomvi huo ulikuwa haujaisha, nao wakautambua utawala wa pande mbili: wa Kabongo na wa Kasongo Nyembo. Kiti ambacho kwa desturi hakigawanyiki kikawa kimegawanyika.

Pamoja na vita hivyo, Waluba walikuwa na taasisi zilizolinda kumbukumbu ya aliyekufa. Chama cha mbudye kilihifadhi historia ya ufalme, na wataalamu wake walitumia lukasa, ubao wenye shanga na michoro, kusoma nasaba, mipaka na mpangilio wa vyeo. Aidha, mfalme alipofariki, makao yake hayakuvunjwa ili vitu vyake vigawanywe. Yaligeuka kuwa kitenta, makao ya roho, na ndani yake alikaa mwanamke aliyeitwa mwadi, ambaye roho ya mfalme iliaminiwa kuwa imemwingia. Mwadi alipewa alama za utawala wa marehemu na kuheshimiwa pamoja na watumishi wa makao hayo, na mfalme mpya alikwenda kuanzisha makao mengine kwingineko.

Mwadi hakuwa mjane kwa maana ya sheria ya leo, wala makao ya mfalme hayafanani na nyumba ya mfanyakazi wa reli. Lakini yapo mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba katika ngazi ya juu kabisa ya utamaduni huo, nyumba ya aliyekufa ilibaki imesimama, na mwanamke akawa mlinzi wake. La pili ni kwamba madai ya urithi yalihitaji ushahidi, na ushahidi huo uliwekwa mahali panapojulikana, mikononi mwa watu wanaojulikana. Mtu adaiye leo kwamba mila humtoa mwanamke nyumbani akiwa mikono mitupu ameisoma mila nusu.

Reli, posho na daftari

Mji wa Kamina ulikuzwa na reli. Kampuni ya BCK, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga njia kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, na njia hiyo ikakamilika mwaka 1928. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wabelgiji walijenga kambi kubwa ya kijeshi karibu na mji. Mwaka 1956 njia ya Kamina hadi Kabalo ilifunguliwa na kuiunganisha reli ya Katanga na ile ya mashariki. Hivyo Kamina ikawa njia panda. Waluba wa Katanga waliishi jirani na Waluba wa Kasai, Wasongye, Wakanyok, Walunda na wengineo, kila kundi na desturi zake za ndoa na urithi, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha kazini na sokoni.

Mali ya mfanyakazi wa reli ilikuwa ya namna mpya. Nyumba ya kambi ilikuwa ya kampuni, na haki ya kukaa ndani yake ilikwisha pamoja na kazi. Mshahara ulikuwa wa mtu mmoja. Posho, yaani chakula kilichogawiwa wafanyakazi na kampuni kubwa za Katanga, ilipimwa kwa kuhesabu mke na watoto walioandikwa. Jambo hilo dogo lina uzito katika historia hii. Daftari la posho lilikuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza yaliyoitaja familia kama mume, mke na watoto, bila baba wadogo, wajomba wala wapwa. Karani wa kampuni, bila kukusudia, alikuwa ameanza kuandika orodha ya warithi.

Serikali ya kikoloni haikwenda mbali hivyo. Kwa Wakongo walio wengi, mambo ya ndoa na urithi yaliachwa chini ya mila, na mahakama za wenyeji zilizopangwa kwa amri ya tarehe 15 Aprili 1926 ziliamua kwa mila hizo. Amri ya tarehe 23 Novemba 1931 iliruhusu kuundwa kwa vituo vya mjini vilivyowekwa nje ya utawala wa machifu. Katika vituo vya namna hiyo mwamuzi alikutana na mashauri ambayo mila moja haikuyatosha: mume wa kabila linalofuata baba, mke wa kabila linalofuata mama, na nyumba ya matofali ambayo hakuna babu aliyewahi kuitolea hukumu.

Mwaka 1950 ilitoka amri nyingine, ya tarehe 4 Aprili, iliyokataza kutambuliwa kwa ndoa mpya za wake wengi kuanzia tarehe 1 Januari 1951. Amri hiyo haikumaliza ndoa za namna hiyo. Iliwaondoa wake wa pili katika maandishi. Mke asiyeandikwa alikuwa mke mbele ya jirani na mgeni mbele ya karani. Madhara yake yalionekana siku ya kilio, pale ambapo watoto ambao kila mtu aliwajua walikosa karatasi ya kuwajulisha.

Ikumbukwe pia kwamba tangu miaka ya 1950 na 1960 iliongezeka mali isiyoshikika kwa mkono. Amri ya mwaka 1956 iliweka pensheni za wafanyakazi, na mwaka 1961 ikaundwa taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, INSS, ambayo mwaka 2018 iligeuzwa kuwa CNSS. Pensheni ya waliosalia hulipwa kwa mjane na yatima wenyewe, wala haimo katika fungu la kugawanywa na ukoo. Lakini hulipwa kwa yule anayeweza kuthibitisha ndoa na uzazi. Kaka wa marehemu hawezi kuipyana. Na mjane asiye na cheti cha ndoa naye hawezi kuipata.

Sheria ya mwaka 1987

Baada ya uhuru, nchi ilikaa zaidi ya robo karne bila sheria moja ya urithi kwa raia wote. Sheria Na. 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ndiyo iliyoleta Kanuni ya Familia. Watungaji wake walijaribu kupatanisha familia ya daftari na familia ya ukoo. Waliwagawa warithi katika makundi. Kundi la kwanza ni watoto wa marehemu, waliozaliwa ndani ya ndoa, na waliozaliwa nje yake ikiwa baba aliwakubali kisheria wakati wa uhai wake. Kundi la pili lina sehemu tatu: mume au mke aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Kundi la tatu ni baba wadogo na wakubwa, shangazi, wajomba na mama wadogo na wakubwa.

Watoto hupata robo tatu ya urithi, na hugawana sawa, wa kike kwa wa kiume. Robo inayobaki ni ya kundi la pili. Sehemu zote tatu zikiwapo, kila moja hupata moja ya kumi na mbili ya urithi wote. Fungu la watoto haliwezi kupunguzwa kwa wasia. Msomaji wa pwani atatambua hapa mfano wa jambo alijualo: katika sheria ya Kiislamu pia mwenye mali huachiwa sehemu ndogo tu, isiyozidi theluthi, ya kuusia apendavyo. Sheria hizo mbili zina asili tofauti, lakini zote mbili hukataa mtu mmoja kuwanyang'anya watoto wake kwa neno la mwisho.

Kanuni hiyo iliweka pia mambo mawili yanayomhusu mjane, na ambayo husahauliwa mara nyingi kuliko yote. Kwanza, wanandoa wasipochagua utaratibu mwingine, mali waliyochuma wakati wa ndoa ni yao wote wawili. Mume akifa, nusu ya mali hiyo ni ya mke tangu mwanzo. Haiingii katika urithi hata kidogo. Pili, aliyebaki ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi pamoja na vyombo vyake, hata kama wenye mafungu ni wengi. Haki hiyo ya matumizi ina mipaka: kwa mfano, hukoma akiolewa tena ilhali watoto wa marehemu wapo.

Hata hivyo sheria hiyo hiyo ilimpa mwanamke kwa mkono mmoja na kumfunga kwa mkono mwingine. Mpaka mageuzi ya Sheria Na. 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, mke alihitaji idhini ya mumewe ili kufanya matendo ya kisheria yanayomfunga. Katika hali kama hiyo ilikuwa rahisi kiwanja kilichonunuliwa kwa faida ya samaki au unga aliouza mke kuandikwa kwa jina la mume pekee. Mwandiko huo ukawa hoja ya shemeji baada ya miaka ishirini.

Hesabu ya nyumba moja

Ili mafungu haya yaeleweke, na ichukuliwe nyumba moja ya kubuni katika mtaa wa Kamina. Mume na mke wameandikisha ndoa, wamejenga nyumba wakiwa wameoana, hawakuchagua utaratibu wowote maalumu wa mali. Mume anafariki bila wasia na kuacha mke, watoto wanne, mama yake mzazi na ndugu kadhaa. Thamani ya nyumba igawanywe katika sehemu 96.

Sehemu 48 ni za mke kwa haki yake ya kuchuma. Urithi ni zile 48 zilizobaki. Watoto wanapata robo tatu yake, yaani 36, na kila mmoja sehemu 9. Mama wa marehemu anapata 4. Ndugu wote kwa pamoja wanapata 4. Mjane naye anapata 4 za urithi. Jumla ya mjane ni sehemu 52 kati ya 96, na juu ya hayo ana haki ya kukaa ndani ya nyumba. Baba mdogo wa marehemu, ambaye huenda ndiye msemaji mkuu wa kilio, hana hata sehemu moja.

Hesabu hiyo ikilinganishwa na maneno yanayosemwa mara nyingi uani baada ya mazishi, pengo huonekana wazi. Wazee husema kwamba nyumba ni ya ndugu yao, na kwamba atapatikana mtu wa kushika nafasi yake. Hapo wanasema kupyana, na katika mantiki ya kupyana hawasemi uongo: mwenye kushika nafasi hubeba pia wajibu wa kuwalea watoto, kuwatunza wajane na kulipa madeni ya marehemu. Tatizo ni kwamba mjini wajibu huo umelegea, na haki ya kuchukua imebaki. Kaka anayeishi Lubumbashi kwa mshahara usiotosha hawezi kuwalea watoto wanne wa Kamina, lakini anaweza kuuza kiwanja chao kwa siku moja.

Miaka ya 1990 iliongeza ukali wa mashauri haya. Akiba za fedha taslimu ziliteketea: mwaka 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3, na mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Shirika la reli, SNCC, lilikuja kudaiwa na wafanyakazi wake mishahara ya miezi mingi, hata baadhi yao wakawaachia watoto deni la kudai badala ya fedha. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika jimbo lililoitwa Shaba wakati ule, wengi waliuza nyumba zao kwa haraka au waliziacha, na reli iliyowarudisha Kasai ni ile ipitayo Kamina. Baada ya hayo yote, kwa familia nyingi nyumba na kiwanja ndiyo mali pekee iliyobaki na thamani. Panapobaki kitu kimoja, ugomvi huwa mmoja na mkali.

Maandalizi ya aliye hai

Kutokana na historia hiyo, misingi ya kupanga urithi mjini Kamina inaweza kuelezwa bila maneno mengi. Wa kwanza ni kuandikisha ndoa. Ndoa ya kimila, hata mahari ikiwa imetolewa yote, haina nguvu mbele ya watu wa nje mpaka iandikwe na ofisa wa uandikishaji wa raia. Wa pili ni kuwaandikisha watoto, na kuwakubali rasmi wale waliozaliwa nje ya ndoa. Baba anayewaficha hakuepushi ugomvi. Anauahirisha mpaka siku ambayo hatakuwapo kuujibu.

Wa tatu unahusu ardhi. Kwa Sheria Na. 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya dola, na kinachorithiwa ni haki ya kuitumia pamoja na jengo lililo juu yake. Hati ya usajili itolewayo na mtunza hati za ardhi ndiyo ushahidi wa haki hiyo. Barua ya mauziano iliyotiwa saini mbele ya majirani haitoshi. Aidha, mwenye hati akifa, warithi wanapaswa kuibadilisha iandikwe majina yao. Nyumba nyingi hubaki kwa jina la marehemu mpaka wajukuu, na kila kizazi kinachopita huongeza wadai na kupunguza mashahidi.

Wa nne ni wasia. Sheria inakubali wasia wa namna tatu: ule uliofanywa mbele ya mthibitishaji wa hati au ofisa wa uandikishaji, ule ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, ukawa na tarehe na saini yake, na ule wa mdomo, unaotamkwa na mtu aliye katika hatari ya kufa mbele ya mashahidi wasiopungua wawili walio watu wazima. Namna hii ya tatu inaonyesha kwamba watungaji wa sheria waliithamini desturi ya mausia ya mzee kitandani. Lakini neno la mdomo lina nguvu kama ya mashahidi wake, na mashahidi wa kitandani mara nyingi ndio hao hao wenye kudai. Wasia, hata ukiandikwa vizuri, haukusudiwi kuwanyima watoto. Kazi yake ni kueleza madeni, kutaja vitu na mahali vilipo, na kumchagua mtu wa kusimamia. Usipokuwapo, sheria humwachia kazi hiyo mrithi mwenye umri mkubwa zaidi, au yule atakayeteuliwa na warithi akijitoa.

Ugomvi ukizuka, mlango wa kwanza ni mahakama ya amani, ambayo Sheria Na. 13/011-B ya mwaka 2013 imeipa mashauri ya familia na urithi. Ni jambo la kufaa kwamba mahakama hiyo ndiyo ya ngazi ya chini kabisa, iliyokusudiwa kuwa karibu na raia. Hata hivyo hakimu huamua kwa kile kilichowekwa mezani pake.

Hitimisho

Tangu mwaka 2015 Kamina ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, na ofisi za kuandikisha ndoa, vizazi na ardhi ni za lazima kwa mji wa hadhi hiyo. Lakini ofisi hazitaondoa kitenzi kupyana vinywani mwa watu, wala haifai kiondoke. Ndani yake mna wazo kwamba aliyekufa ameacha wajibu, na kwamba lazima apatikane mtu wa kuubeba. Wazo hilo sheria ya mafungu hailisemi. Ambacho kupyana hakiwezi kufanya ni kuhesabu sehemu 96 za nyumba, au kuthibitisha mbele ya karani wa pensheni kwamba mwanamke huyu alikuwa mke.

Wazee wa mbudye walilijua jambo hilo kwa namna yao: hawakuacha madai ya kiti yategemee kelele za siku ya msiba, bali waliyaweka katika ubao uliosomwa na wenye kujua kusoma. Waswahili nao husema mali bila daftari huisha bila habari. Cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja na karatasi ya wasia ndiyo lukasa ya nyumba ya mjini. Familia iliyo nayo inaweza kumchagua mtu wa kushika nafasi ya baba kwa amani, kwa sababu nafasi hiyo haitakuwa tena jina jingine la nyumba.